Santuri Adimu za Zamrock na Deni la Wanaozikusanya

Mwaka 1976 bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilitoa santuri ndefu iitwayo Ave Africa. Santuri hiyo haikutolewa nyumbani, ilitolewa Zambia, na nakala zake leo ni adimu mno. Bendi ilisambaratika, miaka ikapita, na wimbo kama "Enzi za Utumwani" ukabaki kwenye kumbukumbu za wale waliowahi kuisikia bendi ikipiga. Nje ya kizazi hicho, waliolijua jina la Sunburst walikuwa hasa wakusanyaji wa santuri za roki wa Ulaya na Marekani, watu walio tayari kutoa mshahara wa mwezi mzima kwa kipande kimoja cha plastiki nyeusi. Mwaka 2016, miaka arobaini baadaye, lebo ya Strut iliyoanzia London ikazikusanya pamoja nyimbo za santuri ile, za santuri ndogo na zile walizorekodi Radio Tanzania, ikazitoa upya. Kijana wa Dar es Salaam aliyezaliwa miaka ya 90 anaweza sasa kuisikiliza bendi ya jiji lake mwenyewe, ila imemfikia kwa kuzungukia Ulaya.

Wapo wanaolitazama jambo hili na kusema wakusanyaji ni waokozi wa muziki wa Afrika. Wapo wanaosema ni waporaji. Hoja yangu ni kwamba tutawaelewa vizuri tukianza na bei yenyewe, na kuuliza imetoka wapi. Bei kubwa ya santuri adimu haipimi uzuri wa muziki uliomo. Inapima ukubwa wa kilichopotea: kanda zilizoharibika, viwanda vilivyofungwa, wanamuziki waliokufa mapema, nyumba ambazo gramafoni iliharibika na santuri zikageuzwa vifuniko vya mitungi. Kwa kuwa thamani hiyo imezaliwa na hasara ya watu wengine, anayeishika santuri ana deni. Deni hilo hulipwa kwa kurudisha sauti kwa wasikilizaji na haki kwa waliopiga, na mkusanyaji anastahili kusifiwa au kulaumiwa kwa kadiri anavyolilipa. Hakuna mahali panapoonyesha hili wazi kuliko Zambia na ule muziki wake wa miaka ya 70 uitwao Zamrock.

Kwanza tuuelewe muziki wenyewe, ambao ni roki ya Kizambia yenye mizizi katika roki ya saikedeli. Roki ya saikedeli ilichipuka Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 60, wakati vijana wa California, Texas na London walipoanza kutafuta sauti za kuiga ndoto na hali ya akili iliyobadilishwa na dawa za kulevya kama LSD. Gitaa lilipitishwa kwenye kifaa cha fazi kinachoikwaruza sauti mpaka ikaunguruma, mwangwi ukazidishwa, kanda zikachezwa kinyumenyume, nyimbo zikarefuka. Mwaka 1966 bendi ya 13th Floor Elevators ya Austin, Texas, ililiweka neno saikedeli kwenye jina la santuri yake ya kwanza. Bendi kubwa ziliuza mamilioni, na santuri zao za kawaida mpaka leo hazina uadimu wowote. Lakini chini yao palikuwa na bendi za vitongojini ambazo zilijilipia studio, zikafyatua nakala mia tatu au mia tano, zikaziuza mlangoni kwenye maonyesho yao, kisha zikavunjika. Nchini Uingereza bendi iitwayo Dark ilifyatua santuri yake ya mwaka 1972 kwa nakala zisizofika mia moja. Hizo ndizo zinazosakwa. Baada ya kumaliza kuchakura Marekani na Ulaya, wakusanyaji waligeukia Brazil, Peru, Uturuki, Nigeria, na hatimaye wakafika Lusaka na Ndola.

Soko hili lina utaratibu wake, na ni vizuri msomaji aujue, maana mwenye mali asiyejua thamani yake huuza kwa bei ya karanga. Kinachotazamwa kwanza ni chapa. Santuri hutengenezwa kwa kuchonga sauti ya kanda kwenye sahani ya laka, kisha kutokana na sahani hiyo hutengenezwa mihuri ya chuma inayokandamiza plastiki ya moto ipate mifuo. Karibu na kitovu cha santuri, pale mifuo inapoishia, huwa pamekwanguliwa namba na herufi ndogo, na mjuzi huzisoma ili kujua kama nakala hiyo ni ya awali au ya baadaye. Jambo la pili ni hali. Jarida la Marekani liitwalo Goldmine liliweka madaraja ya ubora ambayo yamekuwa sheria ya soko zima, kuanzia santuri isiyowahi kuguswa hadi ile iliyokwanguka mpaka haifai. Tofauti ya madaraja mawili inaweza kuifanya bei ishuke kwa nusu na zaidi. Kisha kuna jalada na karatasi zilizokuwa ndani yake. Kuna kisa kimoja maarufu kinachoonyesha bei inavyoweza kuruka: sahani ya majaribio ya Velvet Underground, iliyorekodiwa New York mwaka 1966, ilinunuliwa kwa senti 75 za Marekani kwenye gulio la mitumba mwaka 2002, na mwaka 2006 ikauzwa mnadani kwa dola 25,200. Zingatia sababu. Sahani hiyo ilikuwa na nyimbo zilizochanganywa tofauti na zile zilizokuja kutolewa, na nakala nyingine hazikuwa zikipatikana. Mnunuzi alilipia kitu ambacho kingeweza kutoweka duniani.

Sasa twende Zambia. Nchi ilipata uhuru Oktoba 1964 ikiwa na shaba, na shaba ilikuwa karibu mapato yake yote ya nje. Miji ya Ukanda wa Shaba, yaani Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya, ilikuwa na mishahara ya migodini, kumbi za starehe, na wafanyakazi Wazungu waliokuja na santuri za Jimi Hendrix, Deep Purple, Black Sabbath na Rolling Stones. Vijana wakazisikiliza, wakaanza kuziiga jukwaani, kisha wakatunga za kwao. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitaa, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na agizo hilo likawapa vijana hao nafasi ambayo wenzao wa nchi nyingi hawakuipata. Bendi ya WITCH ilijilipia yenyewe santuri yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 70, na mwaka 1975 ikatoa Lazy Bones!!, kazi ambayo kwa sikio langu ni miongoni mwa bora kabisa za roki zilizotoka barani. Kitwe ikatoa Amanaz na santuri yao Africa ya mwaka 1975. Chrissy Zebby Tembo, Paul Ngozi na bendi yake ya Ngozi Family, Keith Mlevhu na Rikki Ililonga wakafuata, kila mmoja na njia yake: Ngozi mkali na wa mitaani, Ililonga mpole na mwenye fikra. Waliimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, mara nyingi juu ya mambo yaliyowakuta nyumbani, juu ya ndoa, ulevi, kifo na mizimu.

Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya hadithi hii tangu mwanzo. Musi-O-Tunya, bendi ya Ililonga iliyobeba jina la yale maporomoko makubwa ya mto Zambezi, ilifanya kazi Kenya, na santuri yao Wings of Africa ilirekodiwa Nairobi, mji uliokuwa na studio na mitambo ambayo majirani waliifuata. Bendi za Tanzania nazo zilikuwa zikitegemea Nairobi kufyatua santuri zao, kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda. Njia ya kwenda na kurudi kati ya Zambia na Dar es Salaam ilikuwa imefunguka kwa sababu za siasa na biashara: mpaka wa Rhodesia ulipofungwa mwaka 1973, Zambia iligeukia bandari ya Dar es Salaam, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976, mwaka uleule Ave Africa ilipotoka. Sunburst ilikuwa imekusanya wanamuziki wa nchi mbalimbali ndani ya bendi moja ya Dar es Salaam, ikichanganya roki, soul na ngoma za nyumbani, na ni jambo la kueleweka kabisa kwamba ilipata sikio Lusaka.

Kisha mambo yakaharibika, na hapa ndipo uadimu unapozaliwa. Bei ya shaba ilianguka vibaya mwaka 1974 na 1975. Fedha za kigeni zikakauka, mishahara ikapungua nguvu, vifaa vya muziki na sindano za gramafoni vikawa havipatikani. Vita vya ukombozi vya majirani vilileta mashambulizi na amri za kuzima taa usiku, hata bendi zikalazimika kupiga mchana. Disko likaingia na kuchukua kumbi, kwa kuwa mwenye ukumbi alihitaji kumlipa mtu mmoja tu na mashine zake. Kaseti za wizi zikamaliza soko la santuri. Emanuel Chanda, yule mwimbaji wa WITCH anayejulikana zaidi kama Jagari, aliondoka kwenye bendi akaenda kwenye ualimu, na miaka ya baadaye akawa mchimbaji wa vito. Halafu ukaja UKIMWI, uliowamaliza wanamuziki wa kizazi hicho kwa idadi ya kutisha. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Katika safu ya WITCH iliyojulikana miaka ya 70, Jagari ndiye aliyebaki. Kanda asilia za nyimbo nyingi zikapotea au zikaharibika. Ukiyaweka haya yote pamoja, utaona kwa nini nakala safi ya Amanaz au WITCH ya chapa ya kwanza huuzwa leo kwa zaidi ya dola elfu moja. Kila dola ya bei hiyo ina historia ya mgodi, ya hospitali na ya nyumba iliyofilisika.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu linatoka kwa wapenzi wa muziki wa asili. Watasema: kwa nini tujali? Hawa walikuwa vijana waliovaa suruali za bwaga na kuiga Wazungu, na urithi wa Zambia uko kwenye ngoma zake. Jibu langu ni kwamba tukilikubali hilo tutalazimika kuutupa pia muziki wa dansi wote. Rumba tunayoiita yetu, kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam, ilifika kwa santuri za Kikuba zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 30 zikiwa na namba zenye herufi GV, na wazee wetu wakaziiga neno kwa neno kabla hawajaigeuza kuwa kitu kingine. Taarabu ya Zanzibar ilijifunza kwa Misri. Roki yenyewe ilitoka kwenye blues ya watu weusi wa Marekani, kwa hiyo kijana wa Kitwe aliyemsikiliza Hendrix alikuwa akisikiliza mtoto wa ukoo mmoja naye aliyekulia mbali. Kuiga ni mlango. Cha kutazama ni kilichofanywa baada ya kuingia, na yeyote atakayeisikiliza Ngozi Family, na lile gitaa linalonguruma juu ya mdundo wa Kizambia, hatadhani ni bendi ya Uingereza.

Pingamizi la pili ni la watu wa teknolojia, nalo lina uzito zaidi. Siku hizi nyimbo hizi ziko kwenye simu. Mtu ana haja gani na santuri ya dola elfu, yenye mikwaruzo, isiyoweza hata kusikilizwa ndani ya daladala? Kwa msikilizaji wa kawaida nakubali kabisa: asikilize kwenye simu, afurahi, asijione mnyonge mbele ya wenye makabati ya santuri. Lakini swali la msingi ni faili hilo la kwenye simu limetoka wapi. Pale ambapo kanda asilia imepotea, faili limetoka kwenye santuri fulani, iliyowekwa sindano na mtu fulani, na ubora wake hauwezi kuzidi wa santuri hiyo. Mifuo huchakaa kila inapochezwa kwa sindano mbovu. Nakala iliyochezwa kwenye baa kwa miaka kumi imeshapoteza sauti za juu ambazo hakuna programu itakayozirudisha. Nakala moja safi inapopatikana, ndiyo inayokuwa kanda asilia mpya ya wimbo huo. Tena santuri zenyewe hutofautiana. Africa ya Amanaz ilichanganywa kwa namna mbili, moja kavu na nyingine iliyojaa mwangwi, nazo zinasikika kama bendi ileile imepiga katika vyumba viwili visivyofanana. Toleo jipya la lebo ya Now-Again likazileta zote mbili. Anayehifadhi faili moja tu amehifadhi nusu ya kazi. Kuna na jalada pia: hapo ndipo yalipo majina ya wapigaji, ya mtunzi, ya mhandisi wa sauti na ya studio, habari ambazo kwa mwanamuziki anayedai haki yake zina nguvu ya hati.

Pingamizi la tatu ndilo gumu, na sitaki kulipita haraka. Linasema kwamba wakusanyaji ni wageni matajiri waliokuja na mabegi matupu, wakanunua kwa bei ya maji kutoka kwa wajane na wenye vibanda, wakaenda kuuza kwa maelfu, na kwamba hakuna tofauti kati ya jambo hilo na kuchukuliwa kwa vinyago na milango ya kuchonga. Sehemu ya lawama hii ni ya haki. Muuzaji aliyetoa boksi zima kwa fedha za chakula cha siku mbili hakuwa sawa na mnunuzi aliyekuwa na orodha ya bei mfukoni. Mtu anayeijua bei halisi na kuificha amedhulumu, hata kama pande zote mbili zilikubaliana. Kuna wengine walioenda mbali zaidi, wakatoa upya muziki huo bila kumtafuta mwenyewe wala warithi wake, wakisingizia kwamba bendi haipatikani, ilhali wenyewe walikuwa hai na wanajulikana mtaani kwao.

Hata hivyo santuri si kinyago. Kinyago kikiondoka kijijini, kimeondoka. Santuri ilitengenezwa ili iwe nyingi, na nakala moja ikipatikana inaweza kuzaa nakala elfu kumi na faili zisizo na idadi. Kwa hiyo kosa haliko kwenye kuvuka mpaka kwa ile plastiki, liko kwenye kuifungia. Mkusanyaji anayenunua santuri pekee iliyobaki ya wimbo fulani, akaiweka kabatini ili bei ipande, akakataa hata kuikopesha inakiliwe, huyo ameuondoa muziki duniani kwa mara ya pili. Anayeinunua akamtafuta mpigaji, wakaandikiana mkataba, akaitoa upya yenye majina na historia yake, huyo amelipa. Na ukweli mwingine usemwe: kwa miaka mingi sisi wenyewe hatukuwa tukizitafuta. Serikali zetu zilikuwa na njaa na madeni ya kushughulikia, wenye vibanda walikuwa na watoto wa kulisha, na santuri zisizo na gramafoni zilikuwa mzigo. Bila mnunuzi yeyote, nyingi zingekwenda jalalani.

Zambia inaonyesha kinachowezekana deni linapolipwa. Mwaka 2010 lebo ya Now-Again ya Marekani ilitoa mkusanyiko wa Rikki Ililonga na Musi-O-Tunya, na mwaka 2012 ikatoa kasha lenye santuri zote za WITCH za miaka ya 70, kwa kushirikiana na Jagari. Mzee ambaye alikuwa kwenye machimbo ya vito akarudi jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani mbele ya vijana walioyajua maneno ya nyimbo zake. Filamu juu yake ikatoka mwaka 2019. Mwaka 2023 WITCH ikatoa Zango, albamu mpya baada ya miongo ya kimya, iliyorekodiwa Lusaka na kushirikisha waimbaji vijana wa Kizambia. Mwaka 2024 mwanamuziki wa Marekani Tyler, the Creator alijenga wimbo wake "Noid" juu ya kipande cha "Nizakupanga Ngozi" cha Ngozi Family, na Kinyanja cha Lusaka cha mwaka 1977 kikasikika duniani kote. Mlolongo wote huo unaanzia kwenye santuri ambazo mtu alizitafuta na kuzihifadhi. Lakini angalia pia mipaka yake. Paul Ngozi hakuyaona haya. Wengi wa wenzake Jagari hawakuyaona. Malipo yanayokuja miaka thelathini baada ya maziko huwafikia warithi, ikiwa kuna aliyeandika warithi ni nani.

Hapa linakuja swali la uzuri, ambalo wakusanyaji wenyewe huliogopa. Je, uadimu haujawadanganya? Umewadanganya mara nyingi. Zipo santuri za saikedeli za Marekani na Ulaya zinazouzwa kwa maelfu ambazo ni muziki wa kawaida sana uliopigwa na watu waliokuwa bado wanajifunza. Bei huchanganya mambo mawili, hamu ya kumiliki asichonacho mwingine na upendo wa sauti, na hamu ya kumiliki ndiyo yenye fedha. Njia ya kuyatenganisha ni kutazama kinachotokea santuri inapotolewa upya kwa bei ya kawaida. Uadimu ukiisha, unabaki muziki peke yake. Zamrock ilipita mtihani huo: watu wasiojali kabisa chapa ya kwanza wananunua matoleo mapya, vijana wa Zambia wanazipiga tena nyimbo hizo, na watayarishaji wa hip-hop wanazichota. Ndiyo maana natetea kukusanya kunakoishia kwenye kutoa upya, na sina utetezi kwa kukusanya kunakoishia kabatini.

Upande wetu wa Afrika Mashariki hali ni tofauti kidogo na ina matumaini zaidi. Radio Tanzania ilirekodi bendi kwa kanda kwa miaka mingi na kuzihifadhi, na hazina hiyo iko mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa, TBC. Bila kanda za namna hiyo mkusanyiko wa Sunburst wa mwaka 2016 ungekuwa pungufu. Lakini kanda nazo huzeeka, na si kila bendi ilipita kwenye studio ya redio. Bendi za Nairobi na Mombasa zilizopiga soul na roki, makwaya, vikundi vya taarabu vya pwani, wengi wao walifyatua santuri ndogo za mizunguko 45 kwa lebo ambazo zimefungwa zamani. Kwa nyimbo hizo, nakala iliyo chini ya kitanda cha bibi huko Tanga au Kisumu inaweza kuwa ndiyo iliyobaki. Nairobi bado kuna wauzaji wa santuri kuukuu, Kenyatta Market kwa mfano, na wanunuzi wao leo si wageni peke yao. Vijana wa Kikenya wameanza kununua, jambo ambalo litasaidia kuliko lawama zote, kwa sababu mnunuzi aliye jirani hupandisha bei ya haki na huiacha santuri karibu na watu wake.

Basi ikiwa nyumbani kwenu kuna santuri za zamani, zisimamisheni wima kama vitabu, maana zikilazwa rundo hupinda, na ziwekeni mbali na jua na bati lenye joto. Zile nzito za mizunguko 78 ni za shelaki, huvunjika kama kioo, na zisisafishwe kwa spiriti kamwe, itaziyeyusha. Msitupe jalada hata likiwa limechanika. Msiichezeshe santuri kwa sindano iliyochakaa ili tu kuona kama bado inalia. Pigeni picha pande zote mbili za lebo na zile namba zilizokwanguliwa karibu na kitovu, muandike mnachokumbuka juu ya waliopiga, kisha mtafute anayeweza kuinakili kabla hamjafikiria kuuza. Mkiamua kuuza, ulizeni bei kwa watu zaidi ya mmoja, na msikubali kuuza kwa boksi. Na kama babu au mama yenu ni mmoja wa waliopiga, nendeni mkasajili kazi zake, kwa walio Tanzania ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo, majina yote ya bendi yakiwa yameandikwa na warithi wakijulikana. Fanyeni hivyo akiwa hai, aweze kuwatajia yeye mwenyewe nani alipiga gitaa, nani alitunga, na fedha ya kwanza ilikwenda wapi.